Huku Kigoma mserereko tunausikia tu

Mwandishi unasema watumishi wa serikali tuliorukwa kupandishwa madaraja ya kazi tuwe na subira, subira gani tena jamani? 2016 yalisimamishwa tukaambiwa uhakiki, watumishi hewa sijui vyeti feki, haya sawa, 2021 yakarudi tukashangilia, na sie tuliokwama kipindi kile tukaahidiwa mserereko, yaani kupandishwa hadi daraja tulilostahili kuwa nalo. Sasa mwalimu mwenzangu tulioajiriwa naye siku moja yuko TGTS F (ngazi ya mshahara wa walimu), mie bado E!! Ukimfuata afisa utumishi anachungulia kompyuta, "jina halijasoma, njoo mwezi ujao", na mtu nimetoka kijijini kwa boti, ziwa likichafuka nalala mjini kwa hela yangu. PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji kazi, nimejaza, mkuu kapitisha. Na kiinua mgongo kitapigwa kwa mshahara huohuo, hapo ndo panaponiuma zaidi