Mpelelezi mcheshi: The Thin Man kitabuni na kwenye filamu

Hapa Bagamoyo, mji uliopata Chuo cha Sanaa mwaka 1981 (leo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kuna ubishi usiokwisha kati ya vijana wanaotaka kutengeneza filamu za upelelezi na wazee waliokua na riwaya za Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Vijana wanasema mtazamaji anataka kucheka. Wazee wanasema palipo na maiti hapachekwi.

Ubishi huu naupima kwa The Thin Man. Riwaya hiyo ya Mmarekani Dashiell Hammett ilitoka Januari 1934, na kabla Mei haijaisha filamu ilikuwa tayari inaonyeshwa. Nick Charles, mpelelezi aliyeacha kazi, yuko New York wakati wa Krismasi na mkewe tajiri, Nora. Mvumbuzi mmoja, Clyde Wynant, ametoweka, kisha katibu wake anakutwa ameuawa.

Mswada wa filamu uliandikwa na mtu na mkewe, Albert Hackett na Frances Goodrich, na ndoa ya Nick na Nora ndiyo wakaifanya moyo wa hadithi. Asubuhi ya Krismasi, William Powell, anayeigiza Nick, amejilaza kwenye kochi akilenga mapambo ya mti kwa bunduki ya upepo, na Myrna Loy, ambaye ni Nora, amekaa karibu, amevaa koti la manyoya, akimtazama. Hakuna linaloelezwa, lakini unajua hawa wawili wanapendana na hawachokani. Ni jambo adimu: wapelelezi wengi wa vitabuni hawana nyumba ya kurudi. Kwa hili niko upande wa vijana kabisa. Na vichekesho vyetu vya jukwaani navyo vimegusa shida nzito miaka mingi bila kuzidharau.

Ila wazee nao wana hoja. Hammett aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton, na familia ya Wynant aliyoiandika inatisha: mama anampiga bintiye, Dorothy, hadi anabaki na alama mwilini. Filamu inampa Dorothy mchumba mwema, na Wynant, ambaye kitabuni hatumwoni hata mara moja akiwa hai, inamfanya baba mpole mwenye kusahausahau. Ugonjwa wa nyumba ile umepunguzwa makali.

Hilo bado naweza kulivumilia. Linaloniuma ni mwisho. Kwenye filamu Nick anawaalika washukiwa wote chakula cha jioni, polisi wamevaa kama wahudumu, na muuaji anaumbuka pale pale mezani. Inasisimua kweli. Lakini karamu hiyo haimo kitabuni. Mle Nick anamweleza mkewe jinsi mambo yalivyokuwa, naye Nora anazidi kumbana: hili una ushahidi nalo, au unakisia tu? Neno la mwisho la riwaya ni lake, kwamba maelezo hayo hayaridhishi.

Kwa hiyo sikubali kwamba kicheko ndicho kilichoipunguza hadithi. Kilichoipunguza ni karamu ile yenye jibu kamili, maana imemnyang'anya Nora shaka yake, na mtu anaweza kuwa na shaka huku anacheka. Wenzangu wa hapa wakiipeleka riwaya ya upelelezi kwenye filamu, utani waongeze watakavyo; mtu wa kumuuliza mpelelezi anajuaje, huyo wasimwondoe.