Wengi Wape, Ila Wahesabuni Kwanza

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha vikoba kilichagua mwenyekiti, na tangu siku hiyo sijatulia. Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza ana duka la vifaa vya ujenzi, na sera yake ilikuwa moja tu: riba ya mkopo ipande, na anayechelewesha marejesho atozwe faini ya kila siku. Wa pili ni mwalimu mstaafu. Wa tatu ni mama mshonaji, mmoja wa washika funguo wa sanduku letu kwa miaka 6, na sanduku hilo halijawahi kupungua hata shilingi. Tulipiga kura ya siri kwa vikaratasi vilivyokatwa kwenye daftari la shule, tukavitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki, katibu akawa anakunjua kimoja kimoja na kuchora vijiti ubaoni. Mwenye duka vijiti 12, mwalimu 10, mama 9. Makofi yakaanza kabla katibu hajaweka chaki chini. Nikanyoosha mkono nikasema kwamba watu 19 kati ya 31 hawakumpa kura mtu huyu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akanijibu kwa upole, "Mwanangu, wengi wape." Kikao kikafungwa.

Methali hiyo nimelelewa nayo, na ninaiamini. Ndiyo maana imeniuma. Siku ile wengi hawakupewa. Wengi walikuwa 19, na walirudi nyumbani na mwenyekiti ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemtaka.

Kwa siku tatu nikapita kwa wanakikundi na daftari, nikimuuliza kila mmoja, kwa hiari yake, swali ambalo kikaratasi hakikuuliza: mtu wako asingegombea, kura yako ungempa nani? Nikaandika majibu yote. Nitayarudia, kwa sababu kwanza lazima niseme habari ya Wafaransa wawili waliolikuta jambo hili zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Mwaka 1770 Jean-Charles de Borda, mhandisi na mwanamaji, aliwaeleza wenzake wa Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba kura tuliyoizoea inaweza kumpa ushindi mtu asiyetakiwa. Mfano wake una wapiga kura 21 na wagombea watatu. A anapata kura 8, B 7, C 6. Kwa hesabu ya katibu wetu, A ameshinda na C ni wa mwisho. Sasa waulize wale 21 wawapange wagombea wote. Kati ya wale 8 wa A, mmoja anasema A, B, C, na 7 wanasema A, C, B. Wale 7 wa B wanasema B, C, A. Wale 6 wa C wanasema C, B, A. Msimamishe C na A peke yao: C anapata 13, A 8. Msimamishe C na B: C 13, B 8. Yule wa mkiani anamshinda kila mtu! Na A, tuliyempigia makofi, anashindwa na wote wawili.

Dawa ya Borda ilikuwa kutoa pointi: nafasi ya kwanza pointi 2, ya pili 1, ya mwisho sifuri. C anapata 26, B 21, A 16. Njia ni rahisi, ila ina tundu: mtu akijua mpinzani wa kweli wa mgombea wake ni nani, atamtupa mwisho makusudi. Inasimuliwa kwamba Borda mwenyewe alijibu kuwa njia yake ni ya watu waaminifu. Hapo ndipo ninapoachana naye, maana kanuni ya uchaguzi inatungwa kwa ajili ya siku ambayo uaminifu umepungua.

Wa pili ni Marquis de Condorcet, mwanahisabati, na huyu ninampenda waziwazi. Mwaka 1785 alichapisha kitabu kizima cha hesabu za maamuzi ya watu wengi. Hoja yake naweza kuieleza kwa sentensi moja: anayestahili kuchaguliwa ni yule ambaye, akisimamishwa na kila mgombea mmoja mmoja, anapendwa na zaidi ya nusu ya watu. Hiyo ndiyo "wengi wape" iliyohesabiwa sawasawa. Na haikuwa hesabu ya kujifurahisha. Aliamini binadamu wote wana akili ya kuamua mambo yao, kwa hiyo kukosea kuzihesabu akili zao ni dhuluma. Mwaka 1790 aliandika kwamba wanawake wapewe haki ya uraia sawa na wanaume. Mwaka 1781 aliandika kitabu cha kuupinga utumwa, akijificha nyuma ya jina la kubuni. Hapa hunijia Kilwa. Miaka mitano tu kabla ya kitabu hicho, mwaka 1776, Mfaransa Morice alikuwa ametiliana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupata watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Watu wa pwani yetu na wa bara letu walikuwa wakipakiwa merikebuni huku mtu mmoja Paris akiandika kwamba ni jinai. Siwezi kumsoma kama mgeni.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, Condorcet aliandika rasimu ya katiba, wenye nguvu wakaikataa, na Julai 1793 ikatolewa amri akamatwe. Alijificha miezi kadhaa katika nyumba ya mjane mmoja jijini Paris. Machi 1794 alitoka, akakamatwa, akakutwa amekufa mahabusu.

Mtu ataniambia mambo haya ni ya vitabuni. Hapana. Kenya mwaka 1992 upinzani uligawana kura, Moi akashinda kwa takriban asilimia 36. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliifuta mwaka 2011 duru ya pili, ile ya kuwarudisha wawili wa juu pale ambapo hakuna aliyevuka nusu, na katika uchaguzi wa 2018 mshindi alitangazwa kwa asilimia 38.57. Sisi Tanzania tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000 hatumdai rais zaidi ya nusu ya kura. Anayewazidi wenzake ndiye anayetangazwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inadai zaidi ya nusu, na ninakiri hilo ni bora kuliko letu. Hata hivyo duru ya pili nayo haitoshi. Ufaransa mwaka 2002 ilikuwa na wagombea 16. Kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika, Jospin wa mrengo huo akaachwa nje ya duru ya pili kwa asilimia 16.18 dhidi ya 16.86 za Le Pen wa mrengo mkali wa kulia, na mamilioni ya watu wakalazimika kumpigia Chirac ambaye hawakuwahi kumtaka.

Lipo tatizo, na Condorcet mwenyewe ndiye aliyelionyesha. Watu watatu wanachagua chakula. Mmoja anataka ugali, kisha wali, kisha ndizi. Wa pili wali, ndizi, ugali. Wa tatu ndizi, ugali, wali. Ugali unaushinda wali, wali unazishinda ndizi, na ndizi zinaushinda ugali. Hakuna mshindi, mduara tu. Na mwaka 1951 mchumi Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kwamba hakuna njia ya kuwapanga wagombea watatu au zaidi inayotimiza masharti yote ya haki tunayoyataka kwa pamoja. Nakubali. Lakini kukosa njia isiyo na dosari si ruhusa ya kung'ang'ania iliyo mbovu kuliko zote, hasa pale ambapo mduara haupo na jibu liko wazi.

Kwetu liko wazi. Daftari langu linasema hivi: wote 19 walimweka mwenye duka mwisho. Na kati ya 12 waliompigia mwenye duka, 10 wangempa mama kabla ya mwalimu. Mama dhidi ya mwenye duka, 19 kwa 12. Mama dhidi ya mwalimu, 19 kwa 12. Yule wa vijiti 9.

Nilimwonyesha ukurasa huo akiwa kwenye cherehani. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, walikuwa wananitaka?"

Simwombi mwenyekiti ajiuzulu. Alishinda kwa kanuni tuliyoikubali wote. Ninachoomba ni kanuni ibadilishwe kabla ya uchaguzi wa mwakani, na nimeshampa katibu barua. Jumamosi hii nitakwenda na vikaratasi 31 vyenye mistari mitatu kila kimoja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, tufanye majaribio, na chaki nitashika mimi.