Milango na Madirisha

Ile voisi noti ya shosti wangu inayozunguka kwenye magrupu, eti baba yangu alikuwa jela, ipuuzeni. Baba yangu hajawahi kufungwa. Hata polisi alikwenda kuripoti mbuzi wake walioibiwa, basi.

Mnanijua. Steshenari ya Majengo, meza ya pembeni, barua za Kiingereza za nusu ya Dodoma zinapita kwangu. "A" na "an" nazipanga kwa sikio: "an hour" kwa kuwa h yake haisikiki, "a university" kwa kuwa inaanza na "yu". Kinachonisumbua ni "the". Mteja mmoja wa chuo aliniambia nazimwaga kama chumvi. Kwa aibu, tangu hapo nikiiona naifuta.

Sasa, kanisani wakatupa mgeni, mama wa Kiingereza, alale kwetu akatembelee mashamba ya zabibu ya Hombolo. Nikaambiwa nimtumie utambulisho wa familia. Baba ni seremala, alikuwa mwajiriwa akifundisha ufundi gerezani. Nikaandika: "My father was in prison for many years. Now he grows grapes." Kabla ya "prison" palikuwa na "the". Niliifuta kwa kidole hikihiki.

Haya, njooni mezani. Ugali, mlenda, kuku wa kienyeji. Mgeni anamwangalia baba kwa huruma ambayo mimi naidhani ni heshima. Akaweka kijiko chini. Akamshika baba mkono. Taratibu kabisa:

"Baba, what did you do?"

Kiingereza cha baba ni cha kazini. Akakaa vizuri, kifua mbele.

"Doors."

Kimya.

"And windows. Too many!"

Mgeni akameza mate. "Alone?"

"No, no! Me and my boys. I teach them." Akamnyooshea kidole kaka yangu. "This one, very good. Very fast!"

Kaka, kwa kusifiwa, akatabasamu meno yote nje. (Mkikutana naye msimkumbushe, hanisemeshi.)

"People's houses?" mgeni akauliza, sauti imekauka.

"Houses, offices..." Baba akafikiri kidogo, asije akasahau kazi kubwa. "Even church!"

Mgeni akauvuta mkoba wake karibu. Mama, asiyejua lolote, akamwongezea mlenda.

Shosti alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanatetemeka. Nikamkanyaga. Akaninong'oneza: "Umemfunga baba yako, wewe."

Tonge likanikwama. Kwa Waingereza, ukiwa "in prison" hivihivi wewe ni mfungwa. Ukiwa "in the prison" umo tu kwenye jengo, uwe fundi, uwe umepeleka chakula. Hata "in hospital" kwao ni umelazwa. Na haya huwa nawaeleza wateja, tena nawatoza!

Nikaeleza huku jasho linanitoka, mgeni akacheka mpaka miwani ikaingia kwenye mlenda, akaomba radhi, tukaenda Hombolo, akapanda SGR akarudi Dar. Yameisha.

Isipokuwa bahasha. Alikuja nayo kumsaidia baba aanze maisha upya, na alipoelezwa ukweli akakataa kuirudisha mkobani. Baba ameshanunua dawa ya kupulizia zabibu. Jana kaja steshenari, kavuta kiti, anataka nimwandikie mgeni mwingine kwamba na mama naye alikaa ndani.