Uvimbe kwenye ini: sindano ichomwe au isichomwe?

Altrasaundi ikionyesha uvimbe kwenye ini, neno linalofuata mara nyingi ni bayopsi. Ngozi inatiwa ganzi, sindano inapita chini ya mbavu au katikati yake, inatoa kipande chembamba cha nyama, nacho kinapelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Hapo ndipo ndugu wa mgonjwa wanapoanza kusita. Uvimbe wa namna hiyo hauguswi, wanasema, ukiguswa unasambaa. Wapo madaktari wanaoipuuza hofu hii kama imani ya watu wasiosoma. Naona wanakosea kuipuuza, na wanaoishikilia nao wanaikuza kupita kiasi.

Kiini chake ni cha kweli. Sindano ikichomolewa kutoka kwenye uvimbe inaweza kuburuta seli za saratani na kuziacha njiani, kwenye misuli au chini ya ngozi, na miezi mingi baadaye pakaota kinundu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008, kuhusu saratani inayoanzia kwenye seli za ini lenyewe, yalikuta jambo hili kwa asilimia 2.7 ya waliochomwa sindano, yaani watu 27 katika kila 1,000. Mara nyingi kinundu hicho huweza kukatwa au kupigwa mionzi. Siku hizi pia hutumika sindano mbili, moja ndani ya nyingine: ya nje hubaki mahali pake kama ala ya kisu, ya ndani ndiyo inayoingia na kutoka, kwa hiyo njia haiguswi kila mara.

Lakini 27 katika 1,000 haina uzito uleule kwa kila mtu. Mgonjwa ambaye saratani imeshaenea, na anahitaji tu kujua ni dawa gani imfae, hapotezi mengi. Mwenye uvimbe mmoja unaoweza kukatwa wote, au anayengoja kupandikizwa ini, yuko mahali tofauti kabisa, kwa sababu seli chache zilizoachwa njiani zinaweza kumnyang'anya nafasi ya kupona. Ndiyo maana saratani ya utumbo mpana iliyohamia kwenye ini, ikiwa picha ziko wazi na upasuaji unawezekana, mara nyingi hukatwa moja kwa moja bila kuchomwa sindano kwanza. Na kwa saratani ya njia ya nyongo iliyo kwenye lango la ini, zipo programu za upandikizaji zinazomkataa mgonjwa ambaye uvimbe wake ulishatobolewa kupitia ukuta wa tumbo. Mtu mwenye matumaini ya upasuaji amwone daktari wa upasuaji wa ini kabla ya sindano. Baada ya sindano anaweza kuwa amechelewa.

Hatari inayoua kwa haraka ni damu. Ini hupitiwa na takribani lita moja na nusu ya damu kila dakika, na wengi wenye saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe wana ini lililojaa makovu: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni chache, damu haigandi vizuri, pengine tumbo limejaa maji. Kuvuja kukubwa hutokea kwa takribani mmoja katika kila 200 au pungufu, na kifo kwa mmoja katika 1,000 au pungufu ya hapo. Mchomaji mzuri huipitisha sindano kwanza kwenye nyama nzima ya ini, kwa kuwa nyama hiyo ndiyo inayolibana tundu. Uvimbe ulio juujuu kabisa, ukitobolewa moja kwa moja, hauna kitu cha kuubana. Matatizo mengi hujitokeza katika saa chache za mwanzo. Kwa hiyo mgonjwa analazwa, mapigo na presha vinapimwa tena na tena, na asikubali kuharakishwa kurudi nyumbani. Maumivu ya bega la kulia ni ya kawaida, ila yakizidi huku jasho jembamba likimtoka na kizunguzungu kikimshika, muuguzi aitwe papo hapo. Dawa za kuzuia damu kuganda, hata aspirini, zitajwe siku kadhaa kabla. Kutoboa pafu au mfuko wa nyongo hutokea mara chache zaidi.

Je, picha peke yake haitoshi? Kwa baadhi ya watu inatosha kabisa. Ini zima hupata karibu robo tatu ya damu yake kutoka kwenye mshipa unaotoka matumboni, ilhali saratani ya ini hunyonya zaidi kutoka kwenye ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Dawa ya picha ikidungwa, uvimbe unawaka mapema kisha unafifia kabla ya nyama inayouzunguka. Mtu mwenye ini la makovu, au homa ya ini B ya muda mrefu, akiwa na uvimbe wa kuanzia sentimita 1 wenye dalili hizo zote mbili kwenye CT au MRI, miongozo inaruhusu atibiwe bila bayopsi. Kumchoma mtu huyo kwa sababu tu CT yake haikupigwa kwa awamu zinazotakiwa, yaani mara kadhaa dawa ya picha ikipita, ni kumtwisha hatari isiyo yake. Asiye na ini la makovu wala homa hiyo, kanuni haimhusu. Kwake picha zinaweza kudanganya, na sindano mara nyingi haikwepeki. Wala picha haisomi vinasaba, na baadhi ya saratani za njia ya nyongo zina dawa zinazolenga badiliko moja la kinasaba.

Kinachonisumbua zaidi, na sisikii kikitajwa, ni jibu lisilo na saratani. Kwa vivimbe vya sentimita 2 au chini, utafiti mmoja ulikuta bayopsi ya kwanza ilikosa jibu kwa takribani watu 3 kati ya 10. Familia inapewa karatasi, inashukuru Mungu, inarudi nyumbani, na uvimbe unaendelea kukua. Karatasi ile inasema tu kwamba kipande kile hakikuwa na saratani. Kama picha bado zinatia shaka, sindano irudiwe, au mgonjwa aondoke na tarehe ya picha nyingine, iliyoandikwa, ya miezi michache ijayo.