Vivian Woodward na namba aliyoikataa: alifanya sawa?

Tarehe 24 Aprili 1915 Chelsea iliingia Old Trafford, Manchester, kucheza fainali ya kwanza ya Kombe la FA katika historia yake. Mpinzani alikuwa Sheffield United. Vita Kuu ilikuwa imetimiza miezi minane, na majukwaani walijaa askari wenye sare za kaki, kiasi kwamba mpaka leo Waingereza wanaiita fainali ya kaki. Mshambuliaji mwenye jina kubwa kuliko wote pale Chelsea, Vivian Woodward, alikuwa amepata ruhusa ya jeshi ili acheze. Akakataa. Nafasi ile, kwa maoni yake, ilikuwa ya Bob Thomson, aliyeisaidia timu kufika fainali wakati yeye yuko jeshini. Thomson akacheza. Chelsea ikalala 3-0.

Kwa zaidi ya karne moja kisa hiki kimesimuliwa kama kilele cha uungwana katika soka. Nami naamini Woodward alifanya sawa. Ila sifa anazomwagiwa zinaacha nje mambo mazito, na upande wa pili wa hoja una nguvu kuliko unavyopewa nafasi.

Kwanza tujue ni nani aliyekuwa anakaa nje. Woodward alizaliwa London mwaka 1879, kazi yake usanifu wa majengo, na alicheza soka la ridhaa maisha yake yote: Tottenham kuanzia 1901, kisha Chelsea kuanzia 1909, bila kupokea mshahara. Kwa England alicheza mechi 23 na kufunga mabao 29, rekodi iliyodumu mpaka miaka ya 1950. Alikuwa nahodha wa Uingereza ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki London 1908 na Stockholm 1912, na katika fainali ya 1908 dhidi ya Denmark, iliyokwisha 2-0, bao moja lilikuwa lake. Ni kweli takwimu hizo zina pumzi ya ziada. Kama nusu ya mabao yake ya England yalitoka kwenye ziara mbili za Ulaya ya Kati, mwaka 1908 na 1909, ambako Austria ilichapwa 11-1 na Hungary 8-2, na katika kila moja ya mechi hizo yeye alifunga manne. Hao walikuwa wapinzani waliokuwa bado wanajifunza mchezo. Lakini aliifunga Wales matatu pia mwaka 1908, na Wales haikuwa timu ya kujifunza.

Sasa hoja ya wanaompinga. Fainali haichezwi kwa huruma. Klabu imefika hapo kwa mara ya kwanza, mashabiki wamesafiri kutoka London mpaka Manchester katikati ya vita, na kuna mfungaji bora wa taifa amekaa pembeni kwa hiari yake. Tena kupanga kikosi ni kazi ya meneja, na Chelsea ilikuwa na David Calderhead. Mchezaji akianza kujipangia nani anastahili na nani hastahili, hata kwa nia njema, amechukua madaraka yasiyo yake. Na matokeo yenyewe yanaumiza: katika fainali nzima Chelsea haikupata hata bao moja la kufutia machozi. James Simmons wa Sheffield United alifunga kipindi cha kwanza, Stanley Fazackerley na Joe Kitchen wakamaliza kazi dakika za lala salama.

Hoja hiyo ningeipokea kama Woodward wa 1915 angekuwa yule wa 1908. Hakuwa. Alikuwa na miaka 35, amejiunga na jeshi tangu Septemba 1914, na msimu ule wenzake waliucheza kwa sehemu kubwa bila yeye. Hata kabla ya vita, mabao yake Chelsea hayakufanana na yale ya England: 34 katika mechi 116. Mshambuliaji aliyetoka gwaride la kambini, hana mechi miguuni, anawekwa dhidi ya mabeki waliotoka kucheza msimu mzima? Jina lingewatisha Sheffield United kwa dakika kumi, labda. Kwa hiyo sikubali kwamba kukataa kwake ndiko kulikoinyima Chelsea kombe.

Na kuna Thomson mwenyewe, ambaye katika masimulizi mengi anatajwa kama mtu aliyefanyiwa hisani tu. Alikuwa na jicho moja. Jingine alilipoteza utotoni. Alikuwa mchezaji wa kulipwa, na wakati huo mshahara wa juu kabisa ulioruhusiwa na sheria za soka Uingereza ulikuwa pauni 5 kwa wiki. Kila mtu uwanjani alijua kwamba ligi ilikuwa inaelekea kusimamishwa kwa ajili ya vita, na kweli ilisimamishwa baada ya msimu ule. Mchezaji anayeishi kwa miguu yake hakuwa na hakika kama atacheza tena mechi yoyote yenye maana, seuze fainali. Kumwondoa Thomson siku hiyo kungekuwa kumpora kitu ambacho pengine kisingerudi.

Hapa ndipo sifa zinapopinda. Wapo wanaomtumia Woodward kama fimbo ya kuwachapia wachezaji wa kulipwa: tazama muungwana wa ridhaa alivyosamehe fainali, kisha tazama hao wanaocheza kwa pesa. Na mfano wanao karibu, uwanja ule ule, wiki tatu nyuma. Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 1915, Manchester United iliifunga Liverpool 2-0 pale pale Old Trafford, na baadaye ikagundulika kwamba matokeo yalipangwa na wachezaji waliokuwa wameyawekea dau. Saba walifungiwa. Chelsea iliumia moja kwa moja, kwa sababu mwisho wa msimu ilishika nafasi ya 19, pointi moja tu chini ya Manchester United, kwenye mstari wa kushuka daraja. Iliokolewa na upanuzi wa ligi mwaka 1919, kutoka timu 20 hadi 22.

Kupanga matokeo ni wizi, na siwatetei. Lakini kuwapima watu hao kwa mizani ya Woodward bila kutaja mfuko wa kila mmoja si haki. Woodward alikuwa na taaluma yake. Soka likisimama, chakula kinaendelea. Wale saba walikuwa na pauni zao chache za wiki, zenye kikomo cha kisheria, na vita inakuja kuzifuta. Mmoja wao, mshambuliaji Sandy Turnbull wa Manchester United, aliuawa vitani karibu na Arras, Ufaransa, mwaka 1917. Woodward naye alijeruhiwa mapajani kwa bomu la mkono mapema 1916, na hakurudi tena kwenye soka la juu. Vita haikuwauliza nani wa ridhaa na nani wa kulipwa.

Lakini pia nisimbebeshe Woodward dhambi za tabaka lake. Mwaka 1907 klabu nyingi za ridhaa zilijitoa FA, chama cha soka cha England, na kuunda chama chao, kwa kuchoshwa na kuchanganywa na klabu za kulipwa. Yeye alibaki. Aliendelea kuvaa jezi moja na watu wanaolipwa, kuwaongoza kama nahodha na kusafiri nao. Ukisoma uamuzi wa 1915 ukikumbuka hilo, unaona mtu aliyemhesabu Thomson kuwa mwenzake kazini, mwenye haki ya namba aliyoitolea jasho. Huo kwangu ndio uzito wake, na unazidi kule kujinyima kunakosifiwa.

Maswali magumu ningeyapeleka kwingine. Kuanzia 1922 hadi 1930 Woodward alikaa kwenye bodi ya wakurugenzi wa Chelsea, upande wa meza wenye mamlaka juu ya watu kama Thomson. Kikomo cha mshahara kilikuwepo alipoingia na kilikuwepo alipotoka. Hakikuondolewa mpaka 1961, miaka saba baada ya yeye kufariki. Anayetaka kuupima uungwana wake aanzie kwenye miaka ile minane ya ukurugenzi, maana alasiri ile ya Old Trafford ndiyo iliyokuwa rahisi.