Kima wamewekewa matuta, mie je?

Leo niacheni nitoe dukuduku langu maana nikinyamaza ntapasuka.

Miaka 46 nimo ndani ya kisiwa hichi cha Unguja, nimezaliwa Mwembetanga nimekulia Mwembetanga, na msitu wa Jozani sijawahi kuukanyaga. Kilomita 35 hivi tu kutoka mjini! Nnaupita kila nikienda mazikoni Makunduchi, nawaona wazungu wamesimama wamenyanyua shingo juu kama watu wanotafuta mwezi wa mfungo, nasema moyoni hawa kwao hawana kazi.

Sasa kaja shemegi yangu kutoka Mwanza. Siku ya kwanza kala urojo, ya pili tumempeleka Forodhani, ya tatu kaanza, "Shem, kima punju tunaenda kuwaona lini? Aisee si wapo Zanzibar tu dunia nzima!" Mie nikajitia ujuaji, nikamwambia ah, wale nishawachoka. Bi mkubwa alokuwa kwenye mkeka anachambua mchele, hata kichwa hakunyanyua, akasema, "Umewaona wapi weye?"

Mama mzazi huyo. Mbele ya shemegi.

Basi Jumapili, siku yangu moja tu ya kulala mpaka saa tatu, nimo ndani ya gari ya abiria ya 310 nimebanwa baina ya ndoo ya samaki na polo la unga, magoti yamegusa kidevu, bi mkubwa kakaa mbele kwa dereva kama mkuu wa mkoa. Na yeye kang'ang'ania kuja, ati kwao ndo upande huo, na ule mguu anolalamika nao kila usiku siku hiyo hauumi. Tulipofika kwenye miembe ya Bi Khole kuna vitoto vinauza embe mbichi na chumvi na pilipili, nikanunua mfuko mzima. Huo mfuko uwekeni akilini.

Kufika tukapewa kijana wa kututembeza. Shemegi kwa furaha akapiga kelele, "Haya, gaidi wetu huyu hapa!" Bi mkubwa akashika mtandio wake akageuka nyuma, "Gaidi? Mie narudi garini, nyie nendeni mkafe." Ikawa kazi kumfahamisha kuwa gaidi wa watalii si gaidi wa bunduki, kakubali shingo upande, lakini mpaka tunaondoka alikuwa akimwita yule kijana wa watu haramia. "Haramia, mwanangu, nishike mkono hapa pana mizizi."

Na kijana anajua kazi yake nisiseme uongo. Katwambia hifadhi hii ndo ya taifa tokea 2004, pamoja na ghuba ya Chwaka ni kama kilomita za mraba 50, na huu msitu umenawiri hivi kwa sababu maji hayako mbali chini ya ardhi, masika yakikolea unaweza kukuta miti imesimama ndani ya maji. Nnaamini, maana mbu walonila mie hawakuzaliwa kwenye ukavu. Akaonesha mti mkubwa, kabla hajafungua mdomo bi mkubwa kashasema "mtondoo huo, tondoo zake tukichezea wadogo", akaonesha mwengine, bi mkubwa kashataja. Mti wa tatu kijana akawa anamuuliza yeye. Mie nimenyamaza kimya, miti ninoijua mie ni mnazi na nguzo ya umeme.

Halafu bi mkubwa akamsogelea kijana kwa sauti ya chini, "Na chui?" Kijana akasema bibi, chui siku nyingi hapana alothibitisha kuwa wapo, yule wa makumbusho ndo huyo kakaushwa. Bi mkubwa akacheka, kile kicheko cha pembeni. "Chui wana wenyewe, mwanangu. Wanafugwa. Hawatembei kwa ajili ya kuonekana na weye." Kuanzia hapo mie nikatembea katikati ya mstari. Shemegi nyuma, yeye ndo mgeni, mgeni hutangulizwa kwenye chakula tu.

Haya, kima wenyewe.

Wakashuka, wala hawaogopi mtu, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimesimama kichwani kama kaamshwa usingizini kwa simu, na midomo ya pinki utasema kapaka lipstiki. Mmoja akakaa kwenye tawi akanitazama vile mwenye nyumba anavonitazama tarehe 5. Kijana anasema hawana kidole gumba. Nikasema bora yenu, hamuwezi kuandika meseji, hapana anowadai kwa WhatsApp.

Ati hawali matunda yaloiva kwa sababu sukari yake inawavuruga, wao majani machanga na matunda mabichi, tumbo lao lina vyumba kadhaa vya kuchachushia majani. Tumbo lina vyumba! Mie na watu 6 tumepanga viwili na kimoja kinavuja.

Nikaona basi hayo ndo ya mwisho. Wapi! Kijana akasema wale wanokaa karibu na mashamba ya watu wanapenda majani ya mwembe na mkungu, na majani hayo yana sumu yanawasumbua tumbo, kwa hivyo wanatafuna mkaa. Mkaa! Wanauchukua kwenye matanuri ya watu, kwenye visiki vilivyoungua, hata jikoni wakipata nafasi, na watoto wanafunzwa na mama zao. Nikamuuliza, wanautafuna hivi hivi? Hivi hivi. Jamani mie mkaa nnanunua kwa kopo, kwa sababu polo zima sasa hivi ni kama kumlipia mtu mahari, mama watoto anahesabu vipande, chai ikishachemka anavizima kwa maji avianike kesho vitumike tena, halafu kuna kima hapa anautafuna kama kashata. Bi mkubwa akasema, "Ndo maana tukiwapiga mawe sisi. Mihogo yetu wale, mikungu yetu wale. Na wazee wakisema huyu punju, yaani sumu, akikaa kwenye mti wako mti huo ushakufa." Kijana akasema kwa adabu, bibi siku hizi vijiji vinapata fungu katika pesa za kiingilio. Bi mkubwa akanyamaza kidogo. "Na za nyuma je?"

Lilonimaliza ni barabara. Pale mbele ya msitu pana matuta, nilikuwa nikiyalaani kila siku nikiwa na safari, kumbe ni ya kima, magari yakipita kasi yakiwagonga, wakatengenezewa matuta wavuke salama. Sawa, viumbe vya Mungu. Lakini mtaani kwetu sie tumeomba tuta tokea mwanangu yuko darasa la pili, sasa hivi yuko fomu ya pili, barua zimepelekwa mpaka alokuwa akiziandika kastaafu. Na wenzao wengine miaka ya 70 walichukuliwa wakahamishiwa msitu wa Ngezi kule Pemba, watu wazima wamewavusha bahari! Mie nauli ya boti kwenda harusini Wete nilikopa na mpaka leo nikimuona yule bwana nnabadilisha njia.

Mikokoni tulipita mbio, kuna daraja la mbao unatembea juu kaa wanakimbia chini, shemegi kapiga picha 200, mie nilikuwa nimeshakaa kwenye ubao na ule mfuko wa embe. Njaa, hasira na pilipili, nikaumaliza peke yangu.

Saa mbili usiku tumbo likaanza. Si kuuma, ni kusokota, nimejikunja kwenye mkeka naona nyota mchana. Shemegi anataka kuita bodaboda anipeleke hospitali. Bi mkubwa akainuka taratibu, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa kakiosha vizuri kakiweka kwenye sahani ya chai.

"Tafuna."

Nikatafuna. Nilipopeleka mkono kwenye kipande cha pili mama watoto akaninyang'anya, ati kesho atapikia nini.