Chale Akidai Chake

Mimi ni chale. Sio chale za mganga, zile za wembe na dawa nyeusi. Chale wa pua nyekundu, viatu kama mitumbwi, na suruali tunayoweza kuingia watatu na bado pakabaki nafasi ya begi. Wanasema neno lenyewe limetoka kwa yule Charlie Chaplin, Mwingereza wa kofia na fimbo. Ahsante Charlie, ila siku ya posa uliniponza.

Mshenga aliulizwa kijana anafanya kazi gani. Akajibu kwa kifupi: "Ni chale." Baba mkwe akakaa sawa. "Anachanja watu?" "Hapana mzee, anachekesha watu." Kimya. Ndipo mama mkwe akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Haya, na mchana anafanya nini?" Siku ya kujitambulisha nikapiga goti kuomba wanipunguzie mahari kidogo, maana hali ilikuwa mbaya kwelikweli. Ukoo mzima ukacheka mpaka shangazi mmoja akamwaga chai. Walidhani ndiyo kazi yenyewe. Nikalipa yote.

Hapo ningejifunza, lakini wapi.

Tuje kwenye Jumamosi ya kazi. Mwenye sherehe ananipigia: "Anko, njoo ukiwa umeshajipaka, watoto wasikuone ukiwa mtu." Sawa, dada. Yeye yuko Goba, mimi niko Mbagala Rangi Tatu. Naomba mnielewe: naishi Rangi Tatu, na usoni nina rangi tatu, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Hakuna konda wa njia ile aliyewahi kuuacha utani huo upite. Akiniona tu kituoni anaacha kuita abiria, ananinyooshea kidole: "Rangi Tatu hiyooo!" Nikikaa, anadai viatu vimechukua siti vilipiwe nauli yao. Nikikunja uso nimwambie aache, gari zima linaangua kicheko, kwa sababu mdomo wangu umechorwa ukitabasamu. Huwezi kugomba na mtu wakati mdomo umeshatangulia kumchekea.

Na jua la Dar la mwezi wa pili, mnalijua. Ile nyeupe nachanganya mwenyewe, poda na mafuta ya mgando. Nikishuka gari la pili nipande bodaboda ya kumalizia, nyusi ziko mashavuni, na shavu limeshateremkia kwenye kola. Pua ni ya sponji, nayo inanusa chochote nilichokula asubuhi. Siku ya maharage ya nazi hutaki kuwa mimi.

Kwenye sherehe sasa. Mtoto anatimiza mwaka mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja, jamani! Keki ya ghorofa tatu, maputo mia, jenereta, mtu wa muziki, na mwenye siku yake amelala. Wanamwamsha ili anione. Ananiona. Kile kilio, majirani walitoka nje. Badala ya kuniondoa, mama yake anasema, "Hebu mshike anko, tupige picha." Kwa hiyo mtoto yule atakua na albamu nzima ya kitu cha rangi tatu kimembana kwapani huku ukoo wake unashangilia.

Hao ni wadogo. Wakubwa ndio balaa. Wa miaka tisa hachekeshwi, anakagua. Nafanya kiinimacho cha sarafu, naye anasema taratibu kama hakimu, "Anko, iko mkono wa kushoto." Mwingine anaomba puto la umbo la simba. Mimi najua mbwa tu. Kwa hiyo twiga ni mbwa, simba ni mbwa, na ndege ya abiria ni mbwa aliyelala. Halafu yule wa muziki anabandika singeli, mapigo mia mbili na ushee kwa dakika, wananizunguka: "Anko cheza! Anko cheza!" Kwa vile viatu! Nikianguka wanashangilia. Sikuanguka kwa makusudi hata mara moja.

Chakula? Chale anakula nyuma ya nyumba na fundi jenereta, pilau ikishafika kwenye ukoko.

Nimewahi kusoma kwamba huko London, tangu mwaka 1946, machale wana rejista yao ya mayai. Sura ya kila mmoja inachorwa kwenye yai, yai linahifadhiwa, asije mwingine akaiba sura hiyo. Mimi sura yangu imeibwa na kijana wa Tandika, nyusi hadi kidevu, naye anachaji nusu ya bei yangu. Ningesajili wapi? Yai langu lingelala kabatini usiku mmoja, asubuhi limo kwenye chipsi zege.

Sasa turudi Goba, kwenye pesa. Tulikubaliana 80,000, nusu nilishapewa. Dada aliposema "hiyo nyingine tutaelewana anko, si tupo," machale yakanicheza. Jioni watu wanafunga viti, nikamfuata. Nikasema kwa adabu naomba 40,000 yangu iliyobaki. Akacheka. Nikarudia kwa sauti nzito. Akamwita mumewe aje asikie. Nikaanza kukasirika, nikasema nina kodi, nina ada ya mtoto, baba mwenye nyumba ameshanipa siku tatu. Wageni wakarudi kukaa kwenye viti vilivyokwisha kufungwa. Wengine wakatoa simu. Nikavua pua ili wajue sasa ni mimi mwenyewe, mtu mzima, baba wa watoto wawili. Wakapiga makofi.

Baba wa mtoto alikuwa anafuta machozi. "Huyu jamaa ni noma," akanitupia 10,000 ya kunitunza. Ya kunitunza! Deni halijaguswa. Nikapanda bodaboda, viatu mkononi.

Juzi nikapokea ujumbe kwa namba nisiyoijua. Mama mmoja wa Mbezi ameona video, ana sherehe Jumamosi, anauliza kama naweza kwenda kufanya "ule mchezo wa kudai hela". Nikamwandikia kwamba ule si mchezo, ila naweza kuja, na safari hii nalipwa yote kabla sijavaa pua.

Akanijibu kwa vile vikatuni vitatu vya kulia kwa kucheka.